Michigan kaskazini: Vituo 8 vya kutembelea vinavyoonyesha jinsi msitu ulivyoisha na kilichobaki

Ukisikia Michigan, kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni Detroit na viwanda vya magari. Lakini kabla ya magari, utajiri wa jimbo hili la Marekani ulikuwa miti. Kuanzia 1869 hadi karibu 1900, Michigan ndiyo iliyoongoza Marekani nzima kwa kutoa mbao. Jiji la Chicago lilipoungua mwaka 1871, mbao nyingi za kulijenga upya zilitoka huku.

Wakati ule wengi waliamini misonobari ya kaskazini haiwezi kwisha. Iliisha, tena ndani ya umri wa mtu mmoja.

Mgeni anayefika leo anakuta misitu ya kijani na maziwa safi, akadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Sivyo. Sehemu kubwa ya msitu huo imeota upya baada ya shoka na moto. Kile cha zamani kilichobaki, mara nyingi kilibaki kwa sababu kuna mtu aliamua kukiokoa.

Hivi hapa vituo 8, vimepangwa kwa kufuata barabara.

1. Hartwick Pines, Grayling

Hapa ndipo pa kuanzia. Ni hifadhi ya jimbo yenye ekari 49 za misonobari ambayo haijawahi kukatwa. Miti yake ina umri wa zaidi ya miaka 300, na mingine inapita mita 40 kwenda juu.

Mwaka 1927 Karen Michelson Hartwick alinunua zaidi ya ekari 8,000 na kulizawadia jimbo, kwa kumbukumbu ya mumewe aliyefariki akiwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Cha kushangaza, baba yake Karen alikuwa mmoja wa wakubwa wa biashara ya mbao. Kati ya ekari hizo, 85 tu ndizo zilikuwa na miti ya zamani. Dhoruba ya 1940 ikaangusha karibu nusu yake.

Pembeni kuna makumbusho ya wakata miti. Tafuta magurudumu makubwa yanayozidi kimo cha mtu. Yalitumika kuburuta magogo wakati hakuna theluji. Majira ya baridi kazi ilikuwa rahisi zaidi: njia zilimwagiwa maji yakaganda kuwa barafu, farasi wakavuta mzigo juu yake. Theluji ikiyeyuka, magogo yanaachiwa mtoni yaelee hadi kiwandani. Kila kampuni iligonga alama yake kwenye kichwa cha gogo, kama mfugaji anavyoweka alama kwenye ng'ombe.

2. Daraja la Mackinac na St. Ignace

Michigan imegawanywa na maji sehemu mbili. Daraja la Mackinac, lenye urefu wa kilomita 8 hivi, liliziunganisha Novemba 1, 1957. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa feri. Kuvuka unalipia.

Ukishavuka tu uko St. Ignace. Hapo kuna Makumbusho ya Utamaduni wa Ojibwa, kwenye eneo la misheni aliyoianzisha padri Mfaransa Jacques Marquette mwaka 1671. Usipite bila kuingia. Msitu uliokatwa ulikuwa na wenyewe. Kwa mkataba wa 1836, watu wa Anishinaabe waliachia zaidi ya theluthi ya ardhi ya Michigan ya leo, wakabakiza haki ya kuvua na kuwinda. Haki hiyo ya kuvua ilibidi iamuliwe mahakamani, na mwaka 1979 mahakama ya shirikisho ikasema bado ipo.

3. Soo Locks, Sault Ste. Marie

Ziwa Superior liko juu kuliko maziwa mengine kwa zaidi ya mita 6, na katikati kuna mto wenye maji ya kasi. Zamani mizigo ilishushwa na kubebwa nchi kavu. Mwaka 1855 ukafunguliwa mfereji wenye vyumba vya kupandisha na kushusha meli.

Hakuna pampu. Meli inaingia, lango linafungwa, maji yanaingia au kutoka yenyewe kwa mteremko, na meli inapanda au kushuka. Chumba kikubwa zaidi, Poe, kina urefu wa mita 366. Kuna jukwaa la kutazamia, na ni bure.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui: kampuni iliyochimba mfereji huo ililipwa kwa ardhi, ekari 750,000. Ikajichagulia maeneo yenye misonobari na madini.

Zingatia: njia ya meli hufungwa kuanzia katikati ya Januari hadi Machi 25.

4. Whitefish Point

Hapa pana mnara wa taa na makumbusho ya meli zilizozama. Kitu kinachonyamazisha watu ni kengele ya meli Edmund Fitzgerald. Meli hiyo ilizama Novemba 10, 1975 kwenye dhoruba, ikiwa na shehena ya madini ya chuma na watu 29. Hakuna aliyepona.

Familia za marehemu ndizo zilizoomba kengele itolewe. Mwaka 1995 ilitolewa chini ya ziwa, na nyingine yenye majina ya wote 29 ikaachwa kwenye mabaki ya meli.

Ukiwa njiani, pitia maporomoko ya Tahquamenon. Maji yake ni ya kahawia kama chai ya rangi, lakini si uchafu. Rangi hiyo hutoka kwenye mimea ya vinamasi vya juu.

5. Log Slide, Pictured Rocks

Pictured Rocks ni mwambao wa Ziwa Superior wenye miamba ya rangi, uliohifadhiwa kitaifa tangu 1966. Upande wa mashariki, karibu na Grand Marais, kuna mteremko wa mchanga wa mita 90 hivi. Wakata miti waliutumia kuporomosha magogo moja kwa moja hadi ziwani.

Angalizo: kushuka ni dakika chache tu, lakini kupanda kunaweza kuchukua saa nzima au zaidi, mchanga ukirudi nyuma kila hatua. Mwenye shida ya moyo au magoti atazame akiwa juu. Kutoka hapo unauona pia mnara wa taa wa Au Sable, uliowashwa mwaka 1874.

6. Seney

Miaka ya 1880 na 1890 Seney ulikuwa mji wa fujo, umejaa wakata miti na baa. Miti ilipoisha, yaliyobaki yakaungua tena na tena. Halafu wafanyabiashara wa ardhi wakachimba mitaro kukausha kinamasi, wakauzia watu mashamba. Udongo ulikuwa hauna kitu, na wakulima wakaondoka.

Mwaka 1935 eneo likageuzwa kuwa hifadhi ya wanyamapori. Vijana waliopewa ajira na serikali wakati wa mdororo wa uchumi wakajenga kingo na mabwawa. Leo ndege wa majini wamejaa, na unaweza kuwaona bila hata kushuka kwenye gari.

7. Kitch-iti-kipi, karibu na Manistique

Chemchemi hii ina kina cha mita 12 na upana wa mita 60. Kila dakika inatoa zaidi ya lita 37,000, na haigandi hata majira ya baridi. Unapanda chelezo kinachovutwa kwa kamba, unazungusha gurudumu mwenyewe, na chini unaona samaki na mchanga unaochemka kama uji.

Sasa sikia: wakata miti waliokuwa jirani walipafanya jalala. Aliyeona thamani yake ni John Bellaire, mwenye duka mjini Manistique. Angeweza kupanunua pawe pake. Badala yake aliishawishi kampuni iliyomiliki ardhi iiuzie serikali ya jimbo ekari 90 kwa dola 10, kwa sharti pabaki kuwa bustani ya umma. Ilikuwa 1926.

8. Peshtigo, ng'ambo ya mpaka

Endelea kusini-magharibi hadi jimbo la Wisconsin. Peshtigo ulikuwa mji wa mbao: nyumba za mbao, unga wa mbao barabarani, na porini matawi makavu yaliyoachwa na wakata miti. Usiku wa Oktoba 8, 1871, baada ya ukame mrefu, moto ukaja na upepo mkali. Waliopona wengi wao ni waliojitumbukiza mtoni.

Inakadiriwa watu kati ya 1,200 na 2,500 walikufa. Hakuna moto wa msituni ulioua wengi zaidi katika historia ya Marekani. Lakini wachache wanaujua, kwa sababu Chicago iliungua usiku huohuo na magazeti yakaenda huko. Kuna makumbusho madogo, na kando yake kaburi la pamoja la mamia ya watu ambao hawakuweza kutambuliwa.

Kabla hujaondoka

- Muda: Kutoka Grand Rapids au Lansing, miji yenye familia zinazozungumza Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, ni mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa gari hadi Grayling. Safari yote ipe siku 4 au 5.
- Msimu: Juni hadi katikati ya Oktoba ndiyo nzuri. Mwanzoni mwa Juni beba dawa ya wadudu. Makumbusho mengi hufungwa majira ya baridi.
- Simu: Porini mtandao hupotea. Pakua ramani mapema ukiwa mjini.
- Kibali: Hifadhi za jimbo zinahitaji kibali cha gari, kinapatikana getini.
- Saa: Ukikaribia mpaka wa Wisconsin, saa inarudi nyuma kwa saa moja.
- Kuni: Usibebe kuni kutoka mbali, nunua hapohapo. Mdudu kutoka Asia aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 ameshaua mamilioni ya miti, na husafiri ndani ya kuni za watalii. Moto wa kambi uzime kwa maji hadi majivu yapoe mkononi. Msitu huu ulishawahi kwisha mara moja.