Somo la Historia: Lugha Ipi ya Kompyuta Tujifunze?

Ukienda mnadani Katesh utakutana na Mwiraqw, Mdatoga na Mnyaturu. Huchagui lugha kwa uzuri wake. Wamtazama unayetaka kuzungumza naye. Fundi wa tovuti naye hufanya vivyo hivyo.

Tovuti ni kurasa zisomwazo kwa njia ya intaneti. Mwingereza Tim Berners-Lee alizianzisha huko Uswisi, na mwaka 1991 zikafunguliwa kwa watu wote. Mwaka 1995 zikatokea lugha mbili. PHP, ya Rasmus Lerdorf, hufanya kazi ndani ya kompyuta inayotunza kurasa. JavaScript, ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku 10, hufanya kazi katika simu au kompyuta ya msomaji.

Baadaye mafundi walichoka kuanza kila kazi upya, wakatengeneza viunzi. Kiunzi ni kama nguzo na fito zilizokwisha kusimamishwa: wewe wabakiwa na kukandika. Lakini kiunzi kisichotunzwa huoza.

Tazameni Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilitokea ghasia. Mwezi wa Januari 2008 Ory Okolloh na wenzake walianzisha tovuti ya Ushahidi, ipokee habari za fujo na kuzionyesha katika ramani. Programu yake ikaja kujengwa kwa PHP, juu ya kiunzi kiitwacho Kohana. Ilipofika 2017, Kohana kilikuwa kimeachwa na watunzaji wake. PHP haikufa, viunzi vyake vingine, kama Laravel cha mwaka 2011, viliendelea. Aliyejua Kohana tu alipata hasara. Aliyeijua PHP yenyewe alihama na ujuzi wake.

Hapa Tanzania, hesabu za wagonjwa wa zahanati huingizwa katika DHIS2, programu inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Hiyo imejengwa kwa Java na JavaScript. Atakaye kazi hiyo, PHP peke yake haitamfaa.

Basi, mzazi, mwanao akikuomba uuze ng'ombe ili alipe ada ya masomo haya, muulize maswali matatu. Wataka kufanya kazi gani? Nani aliye karibu aijua lugha hiyo, akusaidie utakapokwama? Na kiunzi kikiachwa kesho, utabaki na nini mkononi? Akijibu vema, mpe ada.

Kazi ya darasa: andikeni maswali hayo matatu, kisha someni kwa sauti. Kwaherini.