Mafuta Usuli, Si Mafuta ya Msingi

Imenifikia karibuni faharasa ya istilahi za ufundi wa magari, iliyotungwa na wajuzi ambao kwa staha sitawataja, na humo nimekuta kwamba yale mafuta yatanguliayo kuwapo kabla ya kutiwa dawa zozote, nayo ndiyo yajazayo sehemu saba hata tisa katika kumi za kopo la oili ya injini, yameitwa «mafuta ya msingi». Msingi, kwa yeyote aliyepata kujenga, ni kitu kifukiwacho ardhini ili kingine kisimame juu yake. Ilhali mafuta haya hayabebi kitu, bali ndiyo dhati yenyewe, na dawa huyeyukia ndani yake.

Mimi tangu zamani nimependekeza «mafuta usuli». Neno ni la Kiarabu, wingi wa lile lililotupa asili, asilia na hata asilani; na katika vyuo vya pwani yetu hapana mwanafunzi wa fiqhi asiyejua kuwa usuli hukabiliana na furuu, yaani shina na matawi yake, hivi kwamba dawa nazo zingejipatia jina bila ya kuombewa. Mjuzi mmoja alinijibu kwamba neno hilo lanukia madrasa. Basi msingi lanukia nini ila saruji?

Kosa hilo ni dogo mbele ya lile la ukurasa wa pili, ambako oili ya sintetiki imeitwa «mafuta bandia». Bandia ni mwanasesere, kisha ikawa kila kilichoghushiwa, kama noti na dawa. Nani atakayeyatia garini? Tena katika makundi 5 ambayo Taasisi ya Petroli ya Marekani huyagawia mafuta usuli, la 4 ni polialfaolefini zilizoungwa kiwandani kwa molekuli ndogo, na la 5 hukusanya yaliyosalia, esta zikiwamo. Lakini la 3 hutokana na mafuta ghafi, yakavunjwavunjwa kwa haidrojeni hata fahirisi yake ya mnato ikafika 120 na kuzidi. Hilo ndilo lililowagombanisha wauza oili Mobil na Castrol, hata mwaka 1999 waamuzi wa mashauri ya matangazo huko Marekani wakaona Castrol ana hoja ya kutosha kuliita sintetiki. Wenye «bandia» yao watalitia wapi, wasipotaja usuli wake?

Hadi majina yatakapotengemaa, mnunuzi na atazame mnato ulioandikwa koponi, kama 5W-30, na daraja litajwalo na kitabu cha gari lake. Kamati ya wajuzi wa faharasa ile nayo, iichapapo tena, na ilifute neno bandia, hata kama usuli utawashinda kuumeza.