Friji za Niboye na maji ya Rugezi

Fungua friji yoyote ya Niboye siku ya Jumatatu, na huenda ukakuta maharage. Yamechemshwa Jumapili sufuria nzima, yakagawanywa katika vyombo vidogo, mengine yakawekwa kwenye friza yagande. Hapa Kigali maharage hula makaa mengi. Hukaa saa mbili au tatu juu ya mbabula, jiko la makaa. Mama anayechemsha mara moja kwa wiki amenunua friji ili makaa yasiishe haraka, na mimi namwelewa vizuri, kwa sababu friji za mtaa huu ndizo kazi yangu. Ufundi nilijifunza Buyenzi, kule Bujumbura, na Kiswahili pia nilikipata huko.

Watu hudhani kuhifadhi chakula kulianza siku friji ilipoingia nyumbani. Nenda Nyanza, ile ya Kusini, si Nyanza yetu ya Kicukiro, kwenye makumbusho ya kasri la mfalme. Nyuma ya nyumba kubwa ya nyasi kuna nyumba ndogo ya maziwa. Vyombo vya mti vilivyochongwa, ibyansi, vimefunikwa kwa vifuniko vya ususi. Vyombo hivyo vilioshwa, vikafukizwa moshi, vikapangwa juu ya uruhimbi, jukwaa la ndani ambalo halikuguswa ovyo. Maziwa yaliachwa yachache kwa utaratibu yakawa ikivuguto, na uchachu huo ndio uliowazuia vijidudu waharibifu. Maharage makavu na mtama vilikaa katika ghala la ususi lililoinuliwa juu ya ardhi. Kwa hiyo bibi zetu walitunza chakula kwa ukavu, moshi, uchachu na usafi, bila baridi hata kidogo. Nasema hivi kwa heshima, maana kila wiki nakuta friji mpya kabisa ambayo ndani yake chakula kimeoza kwa sababu usafi haupo.

Baridi ilikuja na umeme, na umeme wa nchi hii ulitokana kwa kiasi kikubwa na maji ya mahali pamoja. Kaskazini, ziwa Burera liko juu ya ziwa Ruhondo kwa karibu mita 100. Mwaka 1959 kituo cha Ntaruka kilianza kuutumia mteremko huo kwa mitambo mitatu, jumla megawati 11.25. Mwaka 1982 kikaongezeka kituo cha Mukungwa, megawati 12, kinachoyapokea maji yaleyale yakitoka Ruhondo. Tone moja lilifanya kazi mara mbili kabla ya kwenda zake. Kwa miaka mingi baridi hiyo ilikuwa ya hospitali, hoteli, mabaa na nyumba za wakubwa. Mji wetu ulipokua na nyumba kupanda vilima vya Kicukiro, friji nazo zikapanda, nyingi zikiwa mitumba kutoka Ulaya.

Halafu ukaja mwaka 2004. Burera hulishwa na kinamasi cha Rugezi, na kinamasi hicho kilikuwa kimechimbwa mifereji ili watu walime. Mvua zilipungua, mitambo ikavuta maji mengi kuliko yaliyokuwa yakiingia, na ziwa likashuka. Kigali ikaingia kwenye mgao wa umeme. Serikali ikakodi majenereta ya dizeli, na ndani ya miaka michache bei ya umeme ikapanda zaidi ya maradufu. Kwa fundi ulikuwa wakati mchungu: umeme uliporudi kwa kishindo, kompresa ziliungua.

Lakini ndipo watu walipojifunza friji ni nini. Walijaza chupa za maji kwenye friza, kwa kuwa friza iliyojaa hushika baridi muda mrefu kuliko iliyo tupu. Waliacha kufungua mlango ovyo, kwani friji iliyofungwa hulinda chakula kwa saa nne hivi umeme ukikatika. Sufuria ya moto haikuingizwa tena nzima nzima. Chakula kiligawanywa kwanza, kikapoa upesi, kikaingia kabla ya saa mbili kupita. Rugezi nayo ilifungwa kwa wakulima, ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zinazolindwa kimataifa, na ziwa likainuka. Sijui funzo jingine lililonifundisha wazi kiasi hicho kwamba mpira wa mlango uliochanika Niboye, kwa kula umeme zaidi, unavuta maji kutoka kwenye kinamasi cha Rugezi.

Leo umeme unatoka pia kwenye mto Nyabarongo na kwenye gesi ya ziwa Kivu, na mgao ule vijana hawaukumbuki. Sasa mjadala umehamia kwenye gesi iliyo ndani ya friji yenyewe. Friji za kwanza nilizozifungua zilikuwa na R12, iliyokuwa ikiharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya 1987 ndiyo iliyoanza kuiondoa. Nafasi yake ikachukuliwa na R134a. Hiyo haigusi ozoni, ila kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yakakubaliana, hapa mjini kwetu, kupunguza gesi za jamii hiyo. Makubaliano hayo yanaitwa Marekebisho ya Kigali. Friji mpya nyingi hutumia R600a, gramu chache tu, lakini huwaka moto, kwa hiyo fundi asichomelee bomba kabla ya kuiondoa yote.

Inaniuma nikiona fundi wa Kigali akikata bomba la friji ya zamani na kuiacha R134a itoroke hewani, wakati jina la mji wake liko kwenye makubaliano ya kupunguza gesi hizo. Mtungi wa kukusanyia gesi si anasa. Mimi kijana akija kujifunza kwangu, kabla sijampa bisibisi namwonyesha mtungi huo na jinsi unavyounganishwa, kisha namwonyesha mpira wa mlango: funga karatasi kwenye mlango, ivute; ikitoka bila kukwama, badilisha mpira kabla hujagusa kompresa.