Ubao, Ngazi na Uti wa Mgongo

Mgongo wa mwanadamu ulivutwa kwa kamba karne nyingi kabla ya kuvutwa kwa umeme. Katika kitabu cha Kiyunani kihusucho viungo, kinachonasibishwa na Hippocrates wa kisiwa cha Kos, tabibu wa karne ya 5 kabla ya Isa, mgonjwa mwenye kibiongo hulazwa kifudifudi juu ya ubao mpana, akafungwa mikanda kifuani, kiunoni na miguuni. Watu wakamvuta huku na huku, naye tabibu akakandamiza kibiongo kwa viganja. Visipotosha, aliweza hata kukikalia.

Kitabu hicho kinaeleza pia njia ya ngazi. Mgonjwa hufungwa ngazini, ngazi ikapandishwa juu kwa kamba, kisha ikaachiwa igote ardhini. Ajabu ni kwamba mwandishi anaieleza kwa utulivu, kisha anakiri kuwa hajui mgongo ulionyoshwa kwa ngazi, na kwamba waitumiao aghalabu ni matabibu wapendao kuushangaza umati. Ungamo hilo lina thamani kuliko ubao wenyewe, nalo ndilo lililosahaulika upesi.

Ubao haukusahauliwa. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliuchora katika juzuu ya 30 ya Kitab al-Tasrif, ile ya upasuaji; katika karne ya 12 Gerard wa Cremona akaitafsiri juzuu hiyo kwa Kilatini. Mwaka 1465 Sabuncuoğlu, tabibu wa Amasya, akaandika kitabu chake cha upasuaji kwa Kituruki na kukipamba kwa picha za rangi. Hivyo kamba za Wayunani zilivuka bahari mikononi mwa wafasiri.

Wote hao walikusudia kunyosha kibiongo au kurejesha pingili iliyoteguka. Maumivu ya kiuno yalipata hoja mpya mwaka 1934, Mixter na Barr wa Marekani walipoonyesha kwamba kisahani kilicho baina ya pingili huweza kupasuka na kuubana mshipa wa fahamu. Ikadhaniwa basi kuwa kuzitenganisha pingili kutakipa kisahani nafasi ya kurudi. Dhana hiyo yavutia. Ndiyo iliyozaa vitanda vya kuvutia mgongo, na baadaye mashine zenye kompyuta, ambazo wauzaji wake huzisifu kwa jina jipya na bei mpya.

Mwaka 2013 wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio 32 yenye wagonjwa 2,762. Waliona kwamba kuvutwa, peke yake au pamoja na tiba nyingine, hakuleti tofauti ya maana, au huleta ndogo mno, katika maumivu ya kiuno. Kulala kitandani siku nyingi nako kumeachwa. Makala za jarida la Lancet za mwaka 2018 zilihimiza mgonjwa aendelee na shughuli zake kadiri awezavyo, na afanye mazoezi. Ila anayeganda ganzi mapajani kwa ndani, au kushindwa kuzuia mkojo, huyo hangoji: hukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.