Sungura wa Wamaya na Superman

Wahakiki wengi wa katuni huanza historia yao New York mwaka 1895, alipotokea gazetini Yellow Kid, yule mtoto wa kanzu. Wakirudi nyuma sana wanamfikia Rodolphe Töpffer wa Geneva, miaka ya 1830, basi. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoitazama kwa makini picha ya kikombe kimoja cha udongo cha Wamaya, kilichochorwa kati ya mwaka 600 na 900.

Hebu tukitazame pamoja. Sungura kashika kofia, fimbo na nguo za mungu mmoja mzee, mlezi wa wafanyabiashara. Mzee wa watu yuko uchi! Upande wa pili mzee huyohuyo kapiga magoti mbele ya mungu wa Jua, anashtaki kuibiwa. Na sungura, mjanja kama wa ngano zetu, kajibanza nyuma ya mguu wa hakimu. Midomoni mwao inatoka mistari myembamba inayokwenda hadi kwenye maandishi, na maandishi yale ni maneno yao wenyewe, ya mimi na wewe. Sungura anatukana. Sasa kama hii si katuni, tuiite nini?

Kwa nini hatukuambiwa? Julai 1562, mjini Maní, Yucatán, padri Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya. Vinavyojulikana leo ni 4 tu. Elimu ya kusoma maandishi yale ikapotea, picha zikabaki bubu. Ndiyo maana wachoraji wengi waliofuata walichota manyoya, mafuvu na mahekalu, wakayafanya mapambo ya kutishia watoto. Hawakujua kuwa wahusika wale walikuwa wakizungumza. Na ajabu ni kwamba Landa huyohuyo aliacha alfabeti ya Kimaya, tena yenye makosa, iliyomsaidia msomi wa Kisovieti Yuri Knorozov kufungua mlango mwaka 1952.

Hapo ndipo ninapomweka Enrique Chagoya, aliyezaliwa Mexico City mwaka 1953, akachora katuni za siasa katika vijarida vya vyama vya wafanyakazi kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1977. Mwaka 1998, pamoja na Guillermo Gómez-Peña na Felicia Rice, alitoa *Codex Espangliensis*: kitabu cha karatasi ya gome la mti, kinachokunjwa mkunjo juu ya mkunjo kama vile vya kale, ambamo Superman na Mickey Mouse wanakutana ana kwa ana na watu wa kabla ya Columbus. Mwenzangu mmoja anasema eti huo ni wizi wa picha za watu. Wizi? Mbona hawaulizi hivyo manyoya yanapochotwa upande wa pili? Chagoya hakuishia kwenye manyoya. Alichukua umbo la kitabu chenyewe, lile lililotiwa moto.

Ugomvi wangu naye ni mwingine. Picha zake nyingi za kale ni za Waazteki na Wamixteki, na msomaji mvivu atawaita wote Wamaya. Tena katika mchanganyiko ule sikusikia kile ambacho mchoraji wa kikombe alikijua vizuri: kicheko cha mnyama mdogo anayemwambia mkubwa matusi usoni, kwa maneno yanayosomeka.