Pori Lililokuwa Mashamba

Mgeni anayepiga hema kando ya Ziwa Burigi huonywa asiache chakula nje na asitoke usiku bila tochi. Huonyeshwa twiga, nyamera na, akibahatika, nzohe akijipenyeza kwenye matete. Mara chache husimuliwa kwamba sehemu nyingi za pori hili zilikuwa mashamba na malisho. Nimefundisha historia sekondari Biharamulo na Ngara hadi nikastaafu, na kila nilipowapeleka maskauti kulala porini somo la kwanza lilikuwa hilo.

Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita huku wakielekea Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Walipiga mahema yao Usui, nchi ya mtawala Suwarora, na hawakukuta nyika isiyo na mwenyewe. Speke alizuiwa asiendelee na safari mpaka alipotoa hongo ya nguo, waya na shanga. Nchi yenye uwezo wa kuusimamisha msafara mzima wa watu wenye bunduki ilikuwa na watu, vyakula, ng'ombe na serikali yake.

Alama za wenyeji hao zingali chini ya miguu yetu. Jioni moja kijana alikuwa anapigilia mambo ya hema, moja ikagoma kuingia. Akafukua, akatoa bonge jeusi lenye vitundu, zito kuliko jiwe la ukubwa huo. Mavi ya chuma. Huku Warongo waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri za udongo, wakafua majembe yaliyouzwa mbali. Hatua chache kutoka pale palikuwa na minyaa iliyoota kwa mstari ulionyooka, na mnyaa hauoti mstari bila mkono wa mtu: ule ulikuwa ua. Ndani yake tulikuta jiwe la kusagia, limelika katikati kwa kazi ya miaka mingi. Wasichana walilizunguka wakiingiza viganja kwenye shimo lake, wakibishana ni ulezi au mtama. Mimi nilikuwa nawaza aliyeliacha, maana jiwe kama lile hakuna anayelihama kwa hiari.

Chanzo cha watu kuhama kilikuwa sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa huo ulifagia ng'ombe karibu Afrika Mashariki yote. Mifugo ilipokwisha, majani hayakuliwa, vichaka vikasonga kwenye malisho, na vichaka vikaleta mbung'o. Baada ya mbung'o, malale. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ikaamua kuzihamisha kaya zilizotawanyika na kuziweka pamoja, mahali ambapo watu wangetosha kufyeka na kumfukuza mbung'o. Bibi yangu alihamishwa akiwa msichana. Alisema walipewa muda wa kuvuna mahindi lakini si muhogo, na mama yake alikuwa akirudi kwa siri kuung'oa, mpaka njia ikafungwa na miti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yale mahame yakawa pori la akiba.

Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi California alinitumia picha akiwa kambini chini ya miti ya redwood. Miti hiyo huishi zaidi ya miaka elfu, na huko hifadhi ya Big Basin ilianzishwa mwaka 1902, miaka ambayo Wajerumani walikuwa wanajenga boma lao Biharamulo. Hata msitu ule ulikuwa na wenyeji wake kabla ya wapiga kambi. Ila kwetu miti mingi ya miombo inayokupa kivuli huenda haijatimiza hata miaka mia. Ni miti iliyoota juu ya matuta.

Kisha ukaja mwaka 1994. Aprili 28 na 29, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama saa 24, na Benako, palipokuwa kambi ya kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa mji wa maturubai. Kuni zilikatwa vilima kwa vilima. Mgao haukuwa na nyama, kwa hiyo nyama ya porini ikauzwa gizani kwa jina la mchicha wa usiku. Watafiti walikadiria tani 7.5 kwa wiki katika kambi kuu mbili. Siwalaumu wale wazazi. Mtoto hali maharage peke yake miaka miwili. Baadaye majambazi wakalitawala pori, mabasi yakawa yanavuka kwa kusindikizwa na polisi wenye silaha, na hakuna aliyetaja kulala huko kwa raha.

Nilipoanza tena safari za maskauti, baba mmoja wa Ngara alinijia. "Mwalimu, tumeona watu wakilala chini ya turubai kwa dhiki, leo unawapeleka watoto wetu wakalale hivyo kwa starehe?" Nikamwambia, "Mzee wangu, twende wote." Akaja. Ndiye aliyewaonyesha watoto kilima alikozaliwa babu yake, akakitaja kwa jina ambalo halimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona.

Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707. Nimefurahi, wanyama wanarudi na vijana wetu wanapata kazi ya kuongoza wageni. Ninachoomba ni waongozaji hao wakae na wazee wa Nyakahura na Rulenge wanaojua kilima kipi kilikuwa cha ukoo upi, na majina hayo yaandikwe kwenye vibao vya maeneo ya kambi pamoja na ya twiga na nyamera. Wazee wengi hawawezi tena kubebwa na bodaboda kwenye njia za porini. Wapelekwe kwa gari, kiangazi hiki, nyasi zikiwa fupi na minyaa ikionekana.