Shaba ya Kolwezi na kifungu cha 145

Septemba 1981, Nguza Karl-i-Bond aliketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mjini Washington na kueleza jinsi Zaire, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, inavyoliwa na wakubwa wake. Hakuwa akisimulia ya mtaani. Alizaliwa Musumba, katika mkoa wa leo wa Lualaba, uliko mji wa Kolwezi. Mwaka 1977 alihukumiwa kifo kwa uhaini, akasamehewa, kisha akawa waziri mkuu hadi alipokimbilia Ulaya mwaka huohuo wa 1981. Alidai kwamba tani 20,000 za shaba, zenye thamani ya takriban dola milioni 35, ziliuzwa kwa manufaa ya Rais Mobutu mwenyewe. Miaka michache baadaye alirudi kumtumikia Mobutu huyohuyo, akiwa balozi wake nchini Marekani.

Shaba ya Zaire ilikuwa mikononi mwa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya kutaifishwa Januari 1967. Na sheria ya kumshika anayeila mali ya namna hiyo ilikuwepo. Utawala wa Mobutu ndio ulioinoa. Kwa sheria-amri ya tarehe 14 Februari 1973, kifungu cha 145 cha Kanuni ya Adhabu kiliandikwa upya. Humkamata mtumishi wa umma, na yeyote anayewakilisha serikali ndani ya kampuni, akichepusha fedha, hati au mali inayohamishika aliyokabidhiwa kwa ajili ya cheo chake. Adhabu ni kazi ngumu, mwaka 1 hadi 20. Kifungu cha 145 bis kinamwongezea kunyimwa kura na vyeo vya umma kwa miaka kadhaa baada ya kifungo.

Kwa mali ya kushikika, sheria hii haina utata. Katika kiwanda cha Luilu, nje kidogo ya Kolwezi, shaba hutoka ikiwa mabamba ya katode, hupimwa, hufungwa mafungu, kisha husafirishwa. Mabamba yakipungua, au waya ukitoweka bohari, mkaguzi ana pa kuanzia: daftari la mizani, ufunguo, na jina la aliyeushika.

Kazi hiyo ikawa ngumu miaka ya 1990. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Uzalishaji wa Gécamines, uliopita tani 470,000 za shaba mwaka 1986, ulishuka hadi takriban tani 30,000 mwaka 1994. Mishahara ikacheleweshwa miezi na miezi, huku nyaya, mota na kobalti zikivushwa getini usiku na kuuzwa.

Vita vilipoanza mwaka 1998, uporaji ulihama kutoka bohari kwenda mezani. Novemba mwaka huo mfanyabiashara wa Zimbabwe, Billy Rautenbach, alikabidhiwa uongozi wa Gécamines, akakaa hadi mwaka 2000. Oktoba 2002 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliripoti kwamba ndani ya miaka mitatu mali ya angalau dola bilioni 5 ilihamishwa kutoka sekta ya madini ya serikali kwenda kwa kampuni binafsi, bila hazina ya taifa kulipwa fidia. Tume ya Bunge iliyoongozwa na Christophe Lutundula ikapendekeza mikataba irekebishwe au ifutwe na baadhi ya wahusika wafikishwe mahakamani. Ripoti yake, iliyokamilika mwaka 2005, haikusambazwa hadi Februari 2006.

Hapo ndipo kifungu cha 145 hukwama. Mwaka 2011 Gécamines iliuza hisa zake zote za Mutanda, mgodi ulio karibu na Kolwezi, asilimia 20, kwa dola milioni 120 kwa kampuni iliyohusishwa na mfanyabiashara Dan Gertler. Jopo lililoongozwa na Kofi Annan lilikadiria mwaka 2013 kwamba Kongo ilipoteza angalau dola bilioni 1.36 katika mauzo matano ya aina hiyo kati ya 2010 na 2012. Gertler amekana kutenda kosa lolote. Sheria inazitaja hati, lakini hisa iliyouzwa kwa sahihi ya mwenye mamlaka ya kuuza haijapotea: ina mnunuzi, bei na risiti. Ugomvi ni juu ya bei, na bei ndogo peke yake si uchepushaji.

Fedha taslimu ni rahisi zaidi kufuatilia. Mwaka 2022 Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulisema zaidi ya dola milioni 400 ambazo Gécamines ilidai kuilipa serikali hazikuonekana hazina. Mwaka 2025 aliyekuwa waziri mkuu, Matata Ponyo, alihukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu kuhusu mradi wa kilimo wa Bukanga Lonzo, na aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 kuhusu fedha za ujenzi wa gereza Kisangani. Wote wawili walikana. Kesi zote mbili zilihusu fedha zenye bajeti na akaunti.

Amri ya tarehe 20 Mei 2011 inailazimu serikali kutangaza kila mkataba wa madini ndani ya siku 60. Ni hatua kubwa, ila hesabu huanza mkataba ukishaanza kufanya kazi. Anayetaka kuilinda mali ya Kolwezi adai tathmini ya bei itangazwe kabla ya kalamu kushikwa, maana baada ya hapo hakimu hubaki na risiti halali mkononi.